Kihispania: nilisema "nanunua samaki" nikimaanisha "alinunua". Wajuzi wa wakati uliopita njooni huku

Nahodha wa Kisiwani
Wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Mimi ni mtu wa boti hapa Kilwa Masoko. Navusha wageni kwenda Kisiwani, nawatembeza magofuni, jioni nawarudisha. Kiingereza cha kuombea maji ninacho. Kihispania nilikianza baada ya msimu uliopita kupata makundi mawili ya Wahispania ambao kutwa nzima tuliongea kwa mikono kama tuko kwenye ngoma. Nikapakua programu kwenye simu, kila usiku nusu saa, daftari pembeni.

Juzi nikapata familia ya watu wanne kutoka Hispania. Nikasema leo ndiyo leo. Tumefika Msikiti Mkuu, nimesafisha koo, nikawaambia: Ibn Battuta visito Kilwa, yaani Ibn Battuta, yule msafiri wa zamani, alitembelea Kilwa. Wakatazamana. Nikaongeza: el sultán compro oro, yaani sultani alinunua dhahabu. Bibi yao mtu mzima akaanza kucheka. Si kwa dharau, lakini alicheka.

Aibu yenyewe ilikuja saa ya chakula. Wakauliza tunakula nini. Nilitaka kuwaambia kaka yangu alinunua samaki asubuhi, yuko ufukweni anachoma. Nikasema: mi hermano compro pescado. Yule baba akafungua pochi akanipa elfu arobaini. Mimi nikajua ni bahshishi, nikatia mfukoni, nikashukuru mpaka nikainama. Tunafika ufukweni, changu wameshaiva juu ya makaa, na chakula kilikuwemo kwenye bei tuliyokubaliana tangu gatini. Baba ananitazama mimi, mimi nawatazama samaki.

Binti yao mwenye Kiingereza ndiye aliyenieleza kwamba baba alisikia "nanunua samaki", akaona niongezewe hela. Nikarudisha. Sasa nimekosea wapi? Kwenye simu nikiandika compro kwenye sentensi ya "alinunua" napewa tiki ya kijani na tarumbeta juu.

Korosho Ghafi
Nimekaa paleee na kahawa yangu na kashata. Ila mkuu hapo kwenye "nikarudisha" naomba ushahidi.

Nahodha wa Kisiwani
Nilirudisha mkuu, tena mbele ya kaka.

Kobe Haraki
Mtu wa Kilwa na Kihispania wapi na wapi. Jifunze Kichina uone hela.

Bint Mikindani
Kobe pita hivi.

Kaka Nahodha, pole. Nimeishi Valencia miaka minne, huo mtego uliokunasa ulininasa mwezi mzima wa kwanza, kwa hiyo nakuelewa. Maneno yako yote yalikuwa sawa. Kilichokuponza ni mdomo wa Kiswahili.

Sisi kila neno tunalikazia silabi ya pili kutoka mwisho. SaMAki. KoROsho. MaSOko. Hatufikirii, ulimi unakwenda wenyewe. Ni maneno machache sana yanayoasi. Chukua "barabara". BaraBAra ya kwenda Liwale ina vumbi. Kazi imefanyika baRAbara. Herufi zile zile, mkazo umehama, na maana imehama nao. Mtoto wa Kiswahili hakosei hapo hata akiwa usingizini.

Basi wakati uliopita wa Kihispania umejengwa juu ya mchezo huo huo wa barabara. Ukisema COMpro, mkazo mwanzoni, ni "nanunua". Ukisema comPRÓ, mkazo mwishoni, ni "alinunua". Kile kimstari juu ya o si pambo, ndicho kinachokuonyesha pa kupigia. Wewe ulikisoma Kiswahili: COMpro, viSIto. Bibi wa watu alisikia "Ibn Battuta natembelea Kilwa", "sultani nanunua dhahabu". Hata mimi ningecheka.

Comprar ni kununua. Ile -ar ya mwisho ni kama ku- yetu, ndiyo inayoonyesha kitenzi hakijavalishwa nguo. Itoe, unabaki na mzizi compr-, halafu unabandika:

compré, nilinunua
compraste, ulinunua
compró, alinunua
compramos, tulinunua
comprasteis, mlinunua
compraron, walinunua

Sasa zitamke hizo sita taratibu. ComPRASte, comPRAmos, comPRASteis, comPRAron. Umeona? Hizo nne mkazo unaangukia pale pale mdomo wako ulipozoea, silabi ya pili kutoka mwisho. Hazina kimstari kwa sababu hazikihitaji. Zinazokusumbua ni mbili tu, ya "mimi" na ya "yeye". Bahati mbaya mtu wa magofu kazi yake yote ni "alijenga, alifika, aliuza", kwa hiyo ukaangukia mbovu tupu.

Nahodha wa Kisiwani
Aisee dada umenifungua kichwa. Kwa hiyo hata "nilinunua" nimekuwa nikikosea? Maana nasema COMpre.

Bint Mikindani
COMpre ni amri ya heshima. Unamwambia mgeni "nunua, bwana". Ukimwambia mtu compre pescado usishangae akitoa pochi tena.

Korosho Ghafi
Kwa hiyo akisema vibaya hivi hela inatoka, akisema vibaya vile hela inatoka 😂😂 Mkuu nakushauri usijifunze, baki hivyo hivyo.

Mzee wa Havana
Nimefurahi kuona uzi wa maana. Mimi nilisoma Cuba miaka ya themanini, sasa nipo Nachingwea nahangaika na mikorosho. Binti wa Mikindani amesema kweli tupu, naongeza machache.

Mwalimu wetu alikuwa na kijiti. Hakutufundisha kanuni kwanza. Alisema neno, na akifika silabi ya mwisho anagonga meza. HabLÓ, alizungumza, ta! VisiTÓ, alitembelea, ta! Darasa zima tunagonga. Wiki mbili vidole viliuma, lakini mpaka leo nikisema habló mkono unataka kugonga. Nahodha una boti, gonga ubao.

Halafu usiogope vitenzi vya -er na -ir. Vina seti moja kwa vyote viwili. Vender ni kuuza: vendí, vendiste, vendió, vendimos, vendisteis, vendieron. Vivir ni kuishi: viví, viviste, vivió, vivimos, vivisteis, vivieron. Pale pale, mimi na yeye ndio wanaopigwa mwishoni. Na vendí ukiikosea si hatari kama compró, maana hakuna "vendi" nyingine inayokusubiri. Nauza ni vendo. Utaonekana mgeni tu, hakuna atakayetoa pochi.

Ile comprasteis ya binti ni ya Hispania. Cuba sikuwahi kuisikia nje ya kitabu. Kule, na Amerika yote inayosema Kihispania, "mlinunua" wanasema ustedes compraron, sawasawa na "walinunua". Kwa hiyo ukipata wageni wa Mexico au Argentina, futa mstari huo mmoja, maisha yanakuwa mepesi.

Bint Mikindani
Shikamoo mzee. Kweli, ila alisema wageni wake ni wa Hispania, asiifute bado.

Mzee wa Havana
Marahaba binti. Aijue, lakini asikeshe nayo. Mara ngapi kiongozi wa magofu anawaambia wageni "mlinunua"?

Bint Mikindani
Akiwauliza "mlilala vizuri?" asubuhi. ¿Dormisteis bien? Ndiyo sentensi ya kwanza ya siku.

Mzee wa Havana
Hapo umenikamata.

Mwalimu wa Zamu
Mimi Kihispania sikijui kama nyinyi, nilikisoma mwenyewe kwa sababu ya mpira. Ila nafundisha Kiswahili sekondari huku Newala, na nataka kusema kitu kuhusu tunavyokosea sisi, maana nimewaona vijana wangu wawili wanaojifunza wakifanya kosa moja.

Wanatafuta -li-. Kwenye "nilinunua" kuna ni- ya mtu, -li- ya wakati, halafu kitenzi. Kila kitu kina chumba chake. Wakiona compré wanauliza: mwalimu, -li- iko wapi? Haipo. Ile é moja imebeba mtu na wakati kwa pamoja, kama kijana wa baiskeli aliyepakia magunia mawili. Ukilikubali hilo unaacha kuhangaika. Sisi tunaweka mzigo mbele ya kitenzi, wao nyuma. Na kama sisi, hawana haja ya kutaja mtu kila mara: "mimi nilinunua" unasema tu ukitaka kusisitiza, na yo compré ni hivyo hivyo.

La pili ni -ka-. Sisi hadithi tunaisukuma kwa -ka-: alifika, akala, akapumzika. Kihispania hakina kitu hicho. Unarudia umbo lile lile: llegó, comió, descansó. Vijana wanaona kama ni kurudiarudia, wanaanza kuchanganya na wakati uliopo ili iwe tamu. Acha irudie, kwao ndiyo mtiririko wenyewe.

Nahodha wa Kisiwani
Mwalimu, hapo kwenye -ka- nimesimama. Kwenye daftari langu nilikuwa nimeandika sentensi ya kwanza wakati uliopita, zingine zote uliopo, nikidhani ndiyo "akafika, akaona".

Swali lingine. Nikisema "sultani alikuwa anaishi hapa", programu inanipa vivía, mara nyingine vivió. Ipi ni ipi?

Bint Mikindani
Hilo ndilo swali la mwaka, Waswahili tuna bahati nalo maana tofauti tunayo tayari. Vivía ni "alikuwa akiishi", unaingia katikati ya jambo, huoni mwanzo wala mwisho. Vivió ni "aliishi", jambo zima umelishika mkononi kama embe.

Mfano wangu mwenyewe. Viví cuatro años en Valencia: niliishi Valencia miaka minne, nimehesabu, nimefunga. Vivía en Valencia cuando murió mi abuela: nilikuwa naishi Valencia bibi yangu alipofariki. Kuishi kulikuwa kunaendelea, simu ya msiba ikaingia katikati. Huwezi kubadilishana hizo mbili, mtu atahisi kuna kitu kimevunjika.

Kosa linaloturudisha nyuma ni kwamba tunadhani jambo refu lazima liwe vivía. Hapana. Miaka minne ni mirefu lakini nimeifunga, kwa hiyo viví. Hata miaka mia mbili ukiipa mwanzo na mwisho inakwenda huku.

(Hapo juu murió si ya kawaida sana, kitenzi ni morir, o imegeuka u kwa yeye na wao. Durmió ya dormir hivyo hivyo. Zishike kama zilivyo.)

Kwa magofu yako: wafanyabiashara walikuwa wananunua dhahabu ya Sofala na kuuza vitambaa, hiyo ni desturi ya miaka na miaka, compraban oro, vendían telas. Ila Ibn Battuta alikuja mara moja mwaka 1331, akaondoka. Visitó. Hakuna visitaba hapo, labda kama alikuwa anatembelea halafu nazi ikamdondokea.

Korosho Ghafi
Nazi 😂

Mzee wa Kivuko
Nami niingie. Nimevuka Ruvuma pale Kilambo miaka mingi, nimefanya biashara Palma na Mocímboa, Kireno nakisema cha sokoni. Nikisoma uzi huu naona ndugu zangu wawili wamevaa shati moja rangi tofauti. Kireno: comprei, compraste, comprou, compraram. Kihispania: compré, compraste, compró, compraron. Vendi yao na vendí ya Wahispania karibu ni neno moja, ila "aliuza" Kireno ni vendeu, Kihispania vendió.

Kwa wenzangu wa mpakani wanaojua Kireno: pale mnaposikia -ei, Mhispania anasema é. Pale -ou, anasema ó. Hilo peke yake litawavusha nusu ya mto.

Na Nahodha, maneno mengine unayo bure kutoka kwa Wareno hao hao waliokuja kwenu. Meza ni mesa, bendera ni bandera, mvinyo ni vino. Lakini angalia Gereza pale Kisiwani. Neno gereza limetoka kwenye igreja ya Kireno, kanisa, ambalo Kihispania ni iglesia. Ukiwatafsiria wageni moja kwa moja kuwa ni cárcel, watakaa wanatafuta pingu. Lile ni ngome, waambie fuerte.

Nahodha wa Kisiwani
Mzee wa Kivuko nakuhamishia uongozi wa boti. Kweli niliwaambia cárcel. Yule baba alizunguka ukuta mzima akitafuta vyumba vya wafungwa.

Jirani wa Tendaguru
Watu wa Kilwa mnajisahau kwamba Lindi nasi tunapata wageni. Mimi napeleka watu Tendaguru, si wengi, njia yenyewe mnaijua. Nina sentensi moja inanitatiza, na si sarufi tu.

Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kule kati ya 1909 na 1913, zaidi ya tani 200 zikapelekwa Berlin. Lile jitu lililosimamishwa kwenye jumba lao la makumbusho, zaidi ya mita 13 kwenda juu, ni la kwetu. Programu yangu ilinipa: los alemanes llevaron los huesos a Berlín. Mgeni mmoja wa Colombia akanirekebisha: se llevaron. Nikamuuliza tofauti akasema "inasikika vizuri zaidi". Hiyo si jibu.

Bint Mikindani
Ni jibu la mtu aliyezaliwa na lugha, hawezi kueleza 😄

Llevaron los huesos: walipeleka mifupa. Kama dereva wa lori alivyopeleka mzigo. Se llevaron los huesos: waliondoka nayo. Ile se inaongeza kwamba walipokwenda, kitu kilikwenda nao, na hapa hakipo tena. Ukisema mwizi alichukua simu yangu, se llevó mi teléfono. Kitenzi chenyewe ni cha kawaida kabisa, -ar safi, llevé, llevaste, llevó. Se ndiyo inayobeba uchungu.

Jirani wa Tendaguru
Basi se llevaron. Naiweka na herufi kubwa.

Na kuna jingine. Nikisema los alemanes excavaron, Wajerumani walichimba, roho inanisuta. Waliochimba kwa majembe ni watu wa huku, mamia. Wakabeba mifupa kichwani na mabegani kwa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Nimeamua nitasema: los trabajadores de aquí excavaron, los cargadores caminaron hasta Lindi, y los alemanes se llevaron los huesos. Kila kitenzi na mwenyewe.

Mzee wa Havana
Hapo sina cha kurekebisha. Excavaron, caminaron, zote -aron, mdomo wa Kiswahili unazisema bila jiwe.

Mwalimu wa Zamu
Nitaipeleka darasani hiyo, ya nani mtenda.

Nahodha wa Kisiwani
Wakuu nimegonga ubao wa boti siku tatu, kaka anadhani natafuta mahali panapovuja. Sasa nimekwama kwenye maandishi. "Nilifika" nimeandika llegé, simu imegoma.

Mzee wa Havana
Llegué, weka u. Sauti haibadiliki, ni tahajia tu. Kwao g ikikutana na e inageuka kuwa kh, kama kwenye "kheri". Kwa hiyo wanaingiza u ya kuilinda, haisomwi. Pagar ni pagué, nililipa. C nayo vivyo hivyo: pescar ni kuvua, nilivua ni pesqué. Z inakuwa c: empezar, empecé, nilianza. Ni "mimi" peke yake anayepata shida hiyo, wengine wote wako salama: llegaste, llegó, pescó, empezó.

Bint Mikindani
Na wewe utahitaji "alijenga" kila baada ya hatua kumi. Construir. Kwa kanuni ingekuwa "construió", lakini i ikibanwa katikati ya irabu mbili wanaigeuza y: construyó, construyeron. Usiione ngeni, hata sisi tunafanya. Vi- na -angu hatusemi "viangu", tunasema vyangu. Leer, kusoma, ni leyó. Destruir, kubomoa, destruyeron.

Nahodha wa Kisiwani
Vyangu! Hiyo sitaisahau tena.

Mzee wa Havana
Jambo moja la miaka. Wageni wanapenda tarehe na wewe ukizisema kwa Kiingereza katikati unakata ladha. 1331 ni mil trescientos treinta y uno. 1505 ni mil quinientos cinco. Andika kwenye kiganja siku ya kwanza. Na v yao isome b: vivió ni "bibió", visitó ni "bisitó". H haisomwi, habló ni "abló". Ll isome y: "yegó". Ukiwa na gh ya "ghali" iweke kwenye hiyo g ya llegó, laini, watakuuliza ulisoma wapi.

Korosho Ghafi
Bibió. Bibi yangu asione uzi huu.

Mzee mimi nami nijaribu, maana msimu unakuja. "Niliuza korosho mnadani jana, sijalipwa."

Mzee wa Havana
Ayer vendí anacardos. Hiyo anacardo ni ya Hispania, Cuba tulisema marañón. Ya pili si wakati uliopita huu, ni todavía no me han pagado, hawajanilipa bado. Na hapo ndipo ninapotaka kugombana na binti.

Bint Mikindani
Nilijua tutafika 😄 Haya. Hispania, jambo la leo, la asubuhi hii, la wiki hii ambayo haijaisha, wanasema kwa he: hoy he comprado pescado, leo nimenunua samaki. La jana ndiyo compré. Kwa hiyo ni karibu na -me- na -li- yetu: nimenunua, nilinunua. Mtu wa Kiswahili anaipata haraka.

Mzee wa Havana
Na Cuba asubuhi hii ni compré, jana ni compré, mwaka wa majeshi ni compré. Hoy compré pescado, kwisha kazi. Na watu wengi wanaosema Kihispania duniani wako Amerika, si Hispania.

Bint Mikindani
Mzee, wageni wake wanatoka wapi?

Mzee wa Havana
Watoke popote, watamwelewa. Na kwa mambo ya 1331 tunakubaliana wote wawili, hakuna he. Ibn Battuta ha visitado Kilwa mwaka huo hakuna anayesema, si Havana si Valencia.

Bint Mikindani
Hapo tunakubaliana.

Mwalimu wa Zamu
Binti, mwongoze Nahodha kidogo na compramos. "Tununue", "tunanunua" na "tulinunua" naona vimefanana.

Bint Mikindani
"Tununue" ni compremos, hiyo tofauti. Ila "tunanunua" na "tulinunua" kwa -ar ni neno moja, compramos. Kwa -ir nayo, vivimos. Kwa -er zinaachana, vendemos tunauza, vendimos tuliuza. Ukiogopa kuchanganyikiwa tupia ayer mbele, jana, kila mtu atakuelewa.

Nahodha wa Kisiwani
Wakuu, nimerudi. Kesho saa tatu asubuhi nina Wahispania watano, wamepiga simu kutoka Lindi. Hotuba mpya hii hapa, nimeiandika usiku wa jana kwa taa ya simu. Ichaneni:

"Nací en Kilwa Kivinje y aprendí a remar aquí. Ibn Battuta llegó a Kilwa en 1331. Visitó la ciudad y habló con el sultán. El sultán construyó un palacio grande, Husuni Kubwa, con una piscina de ocho lados. Nunca lo terminarón. Los comerciantes compraban oro y vendían telas. En 1505 los portugueses atacarón la ciudad y levantarón un fuerte. En 1512 lo abandonarón."

Korosho Ghafi
Mkuu umekuwa mtu mwingine. Sielewi hata neno, lakini nimesimama.

Jirani wa Tendaguru
Compraban na vendían umeziweka penyewe. Safi.

Bint Mikindani
"Nací", nilizaliwa, na "aprendí", nilijifunza, zimenifurahisha sana, hukulazimika kujitaja na umejitaja. Bwawa la pembe nane umelisema vizuri. Mzee, unaona ninachokiona?

Mzee wa Havana
Nakiona. Kijana wangu, sasa umezidisha kugonga. Terminaron walimaliza, atacaron walishambulia, levantaron walijenga, abandonaron waliacha. Futa vimstari vyote vinne. Hizo zote ni za umbo la compraron, moja ya zile nne za binti, mdomo wako ulizijua tangu tumboni. AtaCAron, kama saMAki. Ukisema atacaRÓN bibi wa watu atacheka tena.

Nahodha wa Kisiwani
Duh. Nilikuwa nimepata mori, nikaona kila lililopita lina mstari. Nimefuta.

Mzee wa Kivuko
Hata wenye lugha yao wanaikosea hiyo kwenye maandishi, usijali.

Nahodha wa Kisiwani
Wakuu, tuko gatini, wageni wanavaa maboya. Nitaleta mrejesho jioni.

Korosho Ghafi
Samaki je?

Nahodha wa Kisiwani
Compré pescado. Mimi mwenyewe, alfajiri, nguru mzima. Mkazo mwishoni.

Bint Mikindani
Alfajiri ya leo? Kwa Wahispania sema he comprado.

Mzee wa Havana
Compré.